Mishumaa Siku Hizi Mifupi

Juzi mwanangu kaja na kazi ya shule: ataje mambo matano kuhusu Sabato ya Wayahudi. Nikamteremshia kile kitabu cha juu ya kabati. Kakifungua, kakunja uso. "Mama, nani kakichorachora hivi kwa penseli?"

Mzee wa Kiyahudi niliyekuwa namhudumia Golders Green, huyo. Zama zile za kuhudumia wazee London mnazijua, sizirudii. Kitabu nilipewa na binti yake siku naanza kazi, kinene kama msahafu wenye tafsiri, mwongozo wa dini yao kwa asiyejua lolote. "Ukikwama, fungua humu." Na kweli nilikuwa sijui lolote. Wayahudi wangu mimi walikuwa wa visa vya Nabii Musa chuoni, na wale wa taarifa ya habari.

Basi nikawa nasoma usiku. Amri 613: 248 za kufanya, 365 za kuacha. Nikajua kwa nini jikoni kuna sinki mbili, ya vyombo vya nyama na ya vyombo vya maziwa. Nikafika kwenye mazishi: maiti huoshwa, huvishwa nguo nyeupe, huzikwa upesi, wafiwa hukaa siku saba na majirani huwaletea chakula. Hapo nilimpigia simu mama, Wete, nikamsomea. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: nyama yao nakula au sili.

Sura iliyonisumbua ni ya Sabato. Kazi za aina 39 zimekatazwa, kuwasha moto ikiwamo, na taa ya umeme nayo haiwashwi. Nikasema moyoni, mimi si Myahudi, si ataniambia tu niwashe? Kumbe hapana. Uhai ukiwa hatarini Sabato huwekwa kando, lakini vinginevyo asichoruhusiwa kufanya yeye haifai kumwamuru mwingine amfanyie. Ila, kikaendelea kitabu, mtu wa dini nyingine akiwasha taa kwa haja yake mwenyewe, Myahudi anaweza kuutumia mwanga ule. Akiiwasha kwa ajili ya Myahudi, haifai. Kikaleta na kisa cha Rabi Gamalieli na wazee wenzake, waliokuwa melini siku ya Sabato. Mtu asiye Myahudi akaweka ngazi ili ashuke, nao wakashuka kwa ngazi hiyo hiyo. Mtoto wa kisiwani mimi, kisa kilinikaa.

Ijumaa ninayoikumbuka ni ya Desemba 2008. London mwezi huo saa kumi haijafika jua limeshazama. Mzee akawasha mishumaa yake dakika 18 kabla, kama desturi, akaingia Sabato. Mimi nikaenda chumbani kuswali Magharibi. Tukala supu ya kuku na ile mikate yao ya kusukwa. Taa ya sebuleni ilikuwa kwenye plagi yenye saa, imetegwa tangu mchana ijizime saa nne. Saa moja ikajizima. Mzee yuko katikati ya ukurasa.

Hakuniita. Mishumaa miwili ilikuwa imebaki vipande, nta imechuruzika mpaka kwenye sinia. Akakisogeza kitabu kwenye mwali, akakirudisha. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Halafu akasema, macho yako kwenye mishumaa wala si kwangu: "Mishumaa siku hizi wanaitengeneza mifupi."

Watu wa pwani, mnaniona? Mimi niliyekulia nyumba ambayo mawifi hawasemezani mwezi mzima, wanajibizana kwa kanga! Fumbo mfumbie mjinga. Nilimwelewa hata hajafika mwisho wa maneno. Na huko kuelewa ndiko kulikonitia mashakani. Nikiinuka nikawasha, si nimewasha kwa ajili yake? Nikikaa, mzee wa miaka themanini anabaki gizani na ukurasa wake. Moyo unanienda mbio kwa sababu ya swichi!

Nikaenda kukichukua kitabu changu, nikarudi, nikasema kama mtu anayejisemea: "Mimi nataka kusoma." Nikawasha taa ya pembeni, nikakaa chini yake. Mzee kimya. Nikafungua ukurasa, nikafunua mwingine. Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa juu ya mbao: kidogo, kikatulia, kidogo tena, kikatulia, mpaka kitabu chake kikaingia kwenye mwanga wangu. Tukasoma, yeye kutoka kulia, mimi kutoka kushoto, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumapili akaniomba kitabu. Alikaa nacho tangu asubuhi, penseli mkononi, na ndiyo hiyo michoro anayoiuliza mwanangu. "Kwetu sivyo." "Nani kasema?" "Baadhi tu." Nikamuuliza kwetu ni wapi. Akasema Frankfurt, kwa baba yake. Mzee aliingia Uingereza 1939, mmoja wa watoto wapatao 10,000 walioletwa kwa treni na meli kabla vita havijaanza. Wazazi walibaki.

"Baba yangu angekaa gizani," akasema. Akafikiri. "Au labda asingekaa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sijui tena kipi chake na kipi nimejitungia."

Halafu akanigeukia. "Ijumaa ile, ulitaka kusoma kweli?"

Nikamwambia ndiyo, nilitaka. Kurasa zile zote nilikuwa nimeshazimaliza mchana, nilikuwa nafunua tu. Akanitazama, akachonga penseli yake, akaendelea.

Kwetu tunafundishwa kuwa matendo huhesabiwa kwa nia, na kwao naona hesabu haiko mbali na hiyo. Sasa kama uongo wangu ulimharibia Sabato au ulimsitiri, masheikh wangu na marabi wake wakae walijadili. Wakipatana, mniite.