Zulia jeusi mlangoni

Mama ana dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Jana tulifika benki, akagoma kabisa kuvuka mlango. Nikamvuta mkono, naye akaning'ang'ania huku anatetemeka. Mlinzi ndiye aliyeelewa kabla yangu: aliinama, akakunja zulia jeusi la kizingitini, akasema taratibu, "Pita mama, hakuna shimo." Akapita!

Ugonjwa huu hauli kumbukumbu tu, unavuruga hata jinsi ubongo unavyotafsiri kinachoonwa na macho. Weusi sakafuni unaweza kuonekana shimo. Miaka mitatu namuuguza, sikulijua hilo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee tangu 2007. Jamani wenye ofisi, ondoeni hayo mazulia, wekeni viti. Na ukimwona mzee amesita mlangoni, usimsukume. Muulize anaona nini.