Padri wa Mbalamwezi

Padri niliyekuwa nikimtumikia altareni hakupanga safari za vigango, yaani makanisa madogo ya mbali na parokia, kwa Jumapili. Alipanga kwa mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishawaka, taa haina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo ndizo za kumkuta baba mwenye nyumba akiwa macho mchana. Ukienda wakati wa giza, utahubiria akina mama na watoto.

Likizo moja ya Juni alinichukua. Tulitoka Kibirizi, Kigoma, alfajiri kwa boti ya mbao, sanduku la misa limeviringishwa turubai pamoja na unga wetu, hostia, mikate ya komunyo, ndani ya kopo la maziwa. Nahodha alikuwa Mwislamu wa Ujiji, mtu mzima, aliyevijua vigango kuliko mimi niliyebatizwa. Walikuwa wakitaniana njia nzima. Padri alipenda kusimulia habari za Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki walioingia Ujiji mwaka 1879 baada ya kutembea kutoka Bagamoyo, lakini shujaa wake hakuwa padri. Alikuwa Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akatibu na kufundisha dini kule Karema, kando ya ziwa hilihili, mpaka alipofariki mwaka 1956. "Huyo hakuhama," alisema. Kwake sifa hiyo ilitosha.

Mchana upepo wa kusi ukachafua ziwa. Nahodha hakuuliza mtu, akakata kuelekea kambi ya wavuvi ambayo haikuwemo kwenye ratiba. Tulikaa pale siku mbili.

Habari zilienea kabla hatujakausha nguo. Jioni padri alikalia mtumbwi uliopinduliwa, stola juu ya sweta, watu wakapanga foleni ya kuungama. Kazi yangu ilikuwa kuiweka foleni mbali. Nikaipanga vizuri kabisa, ila upande ambao upepo ulikuwa ukituletea kila neno. Mzee mmoja akacheka: "Kijana, tuhamishe, tutajua mengi." Tukahamia upande wa pili. Wengine walikuwa hawajaungama tangu wahamie pale. Mmoja alikaa muda mrefu hadi walio nyuma wakaanza kuguna, padri hakumharakisha. Mimi nilisinzia, nahodha akanifunika turubai.

Asubuhi misa ilisomewa kwenye kichanja cha kuanikia dagaa, na harufu yake ilishinda ubani. Mwenyeji wetu, mwenye wake wawili, ndiye aliyekuwa ametandika kitambaa cha altare. Wakati wa komunyo alibaki ameketi, macho chini. Nilikasirika kwa niaba yake. Tulikuwa tumelala kwake, tumekula kwake. Baada ya misa padri akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mtu yule, akanawa, akala. Nilipomuuliza njiani alinijibu, "Komunyo siwezi kumpa. Ugali wake naweza kula." Sikuridhika. Mpaka leo siridhiki sawasawa, lakini nimewaona wengi walioshika nusu ya kwanza ya jibu lile wakaisahau ya pili.

Tulipofika kigango tulichokusudia, mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza, giza la jioni limerudi, na wanaume wamesharudi ziwani. Katekista alikuwa amenuna. Alikuwa amefundisha wachumba miezi mingi, akakusanya mchango, na sasa bwana harusi mmoja alikuwa amelala fofofo baada ya kuvua usiku kucha, na mwingine hajulikani alipo. Yule aliyelala aliamshwa, akafunga ndoa na magamba ya dagaa mikononi. Mchumba wa yule mwingine alikuja hivyohivyo, na gauni lake, akakaa benchi la mbele misa nzima. Baada ya baraka alimfuata padri mpaka nje akidai tarehe nyingine, na akataka iandikwe.

Padri akatoa daftari, halafu akamwita nahodha amshauri.