Upanga wa Wana wa Amoni

Somo: 2 Samweli 11:14 – 12:14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili nimekwama kwenye kisa cha Uria, askari wa mfalme Daudi, ambaye mfalme alimtwaa mkewe. Siku alipouawa, Daudi alikuwa zake Yerusalemu. Uria alianguka penye ukuta wa Raba, mji wa Waamoni, kwa mishale ya Waamoni. Hata waraka wa Daudi ulioagiza kifo chake aliubeba mwenyewe hadi kwa Yoabu, jemadari wa jeshi. Lakini nabii Nathani alipofika hakuwataja wapiga mishale. Alimgeukia mfalme: wewe ndiwe uliyemwua, kwa upanga wa wana wa Amoni.

Nikavikumbuka Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti. Tumezoea kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ila tembo wale hawakukabiliana uso kwa uso. Waliogopana. Oktoba 1962, kwa ajili ya makombora yaliyopelekwa Kuba, Marekani na Umoja wa Kisovieti walisimama ukingoni siku 13, kisha wakarudi nyuma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamejilimbikizia vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000, wasirushiane hata kimoja. Wapo wanaoiita miaka ile amani ndefu.

Amani ya nani? Angola ilipata uhuru Novemba 1975 ikiwa tayari imeshika moto: chama cha MPLA nyuma yake Moscow na askari wa Kuba, wapinzani wao UNITA nyuma yao Washington na makaburu wa Afrika Kusini. Vita Baridi vilikwisha, wakubwa wakapeana mikono; Waangola waliendelea kuzikana hadi 2002. Na Ogaden, eneo la Ethiopia wanakoishi Wasomali, ndiyo inayoniumiza zaidi. Mwaka 1977 Somalia iliingia huko na silaha za Kisovieti, Wasovieti wakahamia upande wa Ethiopia, bunduki za kiwanda kimoja zikatazamana. Somalia nayo ikaenda kumtafuta Mmarekani.

Ni rahisi kuwalaani wakubwa (nami nimewalaani sana). Lakini nimewahi kumtuma ndugu akaseme kikaoni neno ambalo mimi sikuthubutu kulitamka. Akachukiwa yeye, mimi nikabaki mpole wa kanisa.

Daudi hakujibu kwamba upanga haukuwa wake. Alisema, nimemfanyia Bwana dhambi. Zaburi ya 51 imewekewa kichwa cha habari hiyohiyo, siku Nathani alipomwendea. Tuisome polepole juma hili hadi mstari wa 14, pale anapoomba aponywe na damu za watu.