Nimezika Mtu Nisiyemjua Kisiwani Labuan

Feri ya kutoka Kota Kinabalu kwenda Labuan, kisiwa cha Malaysia kando ya Borneo, ilichukua saa tatu na ushei, na ndani yake mlikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Wenyeji walijua, walikuja na makoti na mablanketi. Mimi nilikuja na kanzu nyepesi na kofia yangu ya vito, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Mbele wamefungulia sinema ya watu kupigana mateke, sauti juu kabisa. Nauli nilipoigeuza kichwani kuwa shilingi za Kenya, nikaona kwa pesa zile ningekwenda Lamu, na upepo ningepigwa wa bure.

Aliyenipeleka huko ni babu, Mungu amrehemu. Mwaka 1942 alikuwa kibarua Kilindini, pale Waingereza walipozihamishia Mombasa manowari zao za Bahari ya Hindi kwa kuwahofia Wajapani. Kazi yake kupakia vyakula. Katika manowari zote alizopakia alishika jina moja tu, Nizam, kwa sababu jina la Kiislamu lakini mabaharia wake Wazungu watupu, tena Waaustralia, waliosema Kiingereza kama watu wanaotafuna kitu. Mmoja wao alimpa kopo la jamu. Kopo hilo tumesimuliwa mpaka tukaota meno ya ukubwani. Basi kazi iliponipeleka Kuala Lumpur wiki mbili (mikutano, sina la kueleza), nikasoma kwamba Waaustralia walimalizia vita vyao Borneo, nikakata tiketi.

Niseme mapema: Nizam haikufika Labuan. Mwanzoni mwa 1945, karibu na rasi ya Leeuwin huko kusini magharibi mwa Australia, wimbi moja liliilaza ubavu na mabaharia kumi wakachukuliwa na maji. Baadaye ilikwenda kuungana na Waingereza upande wa Pasifiki, na Septemba 2 ilikuwa imetia nanga Tokyo Bay Wajapani walipotia saini. Babu hakuyajua haya. Yeye alibaki na jamu yake.

Waliokuja Labuan ni wengine. Kanimbla, Manoora na Westralia zilikuwa meli za abiria kabla ya vita, zikageuzwa za kubeba askari. Manowari Hobart na Arunta zilikuja na mizinga. Zote zilikuwa ndani ya msafara mkubwa ulioongozwa na Wamarekani, na Juni 10, 1945, saa tatu na robo asubuhi, askari wakashuka ufukweni. Siku chache nyuma Wamarekani walikuwa wakizoa mabomu ya majini kwenye ghuba, na meli yao mojawapo, Salute, ikakanyaga bomu na kuzama. Bado iko chini huko. Wapiga mbizi hulipa kwenda kuitazama.

Nilikusudia kwanza kwenda makaburi ya vita. Nilipotoka kuswali Ijumaa nikamkuta dereva wa teksi mzee amekaa kivulini nje ya msikiti. Kimalay sikijui, ila siku chache zilinifundisha kwamba nusu ya maneno yao tunayo: *khabar, dunia, sabun*. Nikajitia ujasiri. “Makaburi,” nikasema. “Kubur?” akauliza. “Ndiyo! Kubur!” Akaitazama kanzu, akaitazama kofia, uso ukamlegea. Akanishika bega, akanifungulia mlango wa mbele, akaondoka mbio. Bei hakutaja. Hapo ndipo ningeshtuka, maana dereva wa teksi asiyetaja bei ana lake jambo.

Tulipofika nikaona watu wamejaa, wanawake chini ya miavuli, na jeneza mabegani mwa watu. Kabla sijafungua mdomo dereva keshawaambia neno, wakanipisha njia, nikasukumwa mpaka ukingoni mwa kaburi. Ungefanya nini? Kwetu maiti hakimbiwi. Alipokwisha kulazwa nikachota mchanga mara tatu pamoja nao, *minha khalaqnakum*, nikaketi kwenye mkeka ikasomwa talkini. Wallahi, ningefumba macho ningedhani niko Mombasa, hata kukohoa kwa wazee kulikuwa kule kule. Nikaanza kulia. Sikumlilia yule marehemu, jina lake hata sikuwa nimelishika. Babu alizikwa mimi niko mbali, na mchanga wake sikuushika.

Kulia kukaniharibia. Mtoto wa marehemu akaja, akanikumbatia, akaniuliza kwa Kiingereza cha shida nilijuana vipi na baba yake. Nikajaribu kueleza. Vita. Meli. Australia. Hawanielewi, nikafika mahali pa kuiga mizinga kwa mdomo, bum, bum, pale pale makaburini, watu wametoa macho. Nikakata tamaa, nikajisemea kwa Kiswahili, “Jamani, makaburi ya askari!”

“Askar?” akasema mzee mmoja.

“Askari!”

“Kubur *askar*!” Dereva akajipiga kofi la paji la uso. Kicheko kikaanzia kwa wazee, wakajiziba midomo, kikamfikia hata yule mfiwa, akacheka machozi yakimtoka. Kisha akakataa katakata niondoke bila kula. Wali, samaki wa ukwaju, na pilipili ya kusaga ambayo sitaisahau wala tumbo langu halitaisahau.

Tulifika makaburi ya vita jua limeanza kuinama. Majani yamenyolewa kama zulia. Yako karibu makaburi 4,000, na zaidi ya nusu hayana jina. Wengi si wa ile siku ya kushuka. Ni mateka waliokusanywa kutoka kambi ya Sandakan, humu humu Borneo, na njia ya kwenda Ranau, ambako Wajapani waliwaswaga kwa miguu msituni mwaka huo huo. Katika Waaustralia na Waingereza kama 2,400, waliopona ni sita, wote watoro.

Hapo ndipo nilipokasirika. Ghuba hii ya Brunei ilitekwa ili iwe bandari ya manowari za Waingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kusema hawaitaki. Waaustralia 114 wakafa upande huu wa Borneo, miezi miwili baadaye vita vikaisha. Septemba jenerali wa Kijapani, Baba Masao, akaja kujisalimisha kisiwani humu. Pana kibao ufukweni. Sikwenda, tumbo lilikuwa limeanza.

Dereva alinifuata mstari kwa mstari. Kila tukisimama ananionyesha kaburi, kisha ananionyesha mimi: yupi wako? Haikumwingia akilini mtu atoke Afrika kuja kuzuru wasio wake. Tukafika kwa askari wa Kihindi, kwenye mawe yenye maandishi ya Kiarabu. Hapo hakuuliza tena, akainua mikono. Nami nikainua.

Halafu akanitajia ringgit 90. Alihesabu kila kitu, hata muda wa kuningoja mazikoni! Nikamwambia kwa mikono na macho kwamba aliyepotea ni yeye. Akaligusa tumbo langu kwa kidole, kama wa kusema, ulikula hukula? Nikalipa.

Usiku nililipia chumba kisicho na dirisha. Asubuhi, nikisubiri feri, nikaingia duka lisilotoza ushuru, maana kisiwa kizima kinajisifia bei. Nikatafuta jamu ya Australia. Ipo, kopo dogo. Nikageuza bei kuwa shilingi, nikageuza tena nikidhani nimekosea, nikairudisha pale pale.