Mradi wa Paris: nani alinunua kwanza?

Jedwali langu la wanunuzi wa kwanza limeanza kuonyesha sura. Swali lilikuwa jepesi: kabla wachoraji Picasso, Matisse na Modigliani hawajawa majina ya kuvutia foleni kwenye makumbusho, nani aliingiza mkono mfukoni akalipa? Nilitarajia mabwana wenye majumba. Lakini kila ninapoongeza mstari narudishwa kwenye kiduka kile kile cha Montmartre, mtaa wa Victor-Massé nambari 25, kwa mwanamke aliyejitangaza kwa jina la "B. Weill" tu. Hiyo B ilimsaidia. Mteja alifika mlangoni bila kujua kuwa anakwenda kupatana bei na mwanamke.

Machi

Nimepanga maisha yake. Berthe Weill alizaliwa Paris mwaka 1865 katika familia ya Kiyahudi isiyo na mali nyingi. Kazi aliifunzwa na Salvator Mayer, jamaa yake aliyekuwa akiuza vitu vya kale na chapa za picha. Desemba 1901 akafungua nyumba yake ya maonyesho, akitumia fedha ambazo kwao enzi hizo mzazi alimwekea binti kwa ajili ya ndoa. Hakuolewa. Alikuwa mfupi, mwenye miwani minene na ulimi mkali, na wachoraji walimwita Mama Weill. Kauli yake ya biashara ilikuwa kuwapisha vijana, na aliitekeleza: kazi za Matisse alizionyesha 1902, za Diego Rivera wa Mexico 1914, kila mmoja akiwa bado hana soko.

Aprili

Mwezi wa bei, na ndio ulionipa raha kuliko yote.

Mwaka 1900, hata kabla ya nyumba ya maonyesho, Weill alinunua kwa Pere Mañach, dalali Mkatalani, picha tatu za pasteli (chaki za rangi) za mchezo wa ng'ombe. Mchoraji alikuwa kijana wa Kihispania ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka 19: Picasso. Alitoa faranga 100 kwa zote tatu, akaziuza kwa faranga 150 kwa mchapishaji Adolphe Brisson. Baadaye akauza *Le Moulin de la Galette*, ile picha ya ukumbi wa dansi yenye wanawake waliojipamba chini ya taa, kwa faranga 250. Leo iko kwenye makumbusho ya Guggenheim, New York.

Aliyeinunua ni Arthur Huc, na huyu mzee nimempenda. Alikuwa mhariri wa gazeti la *La Dépêche* la Toulouse, mbali kabisa na kumbi za sanaa za Paris. Mwaka 1892 alikwisha kuwaagizia mabango ya gazeti lake wachoraji Toulouse-Lautrec na Maurice Denis. Kwa hiyo Picasso hakuwa bahati nasibu kwake. Mtu wa magazeti, wa mkoani, alikuwa na jicho ambalo makumbusho ya taifa hayakuwa nalo. Nani anamtaja leo?

Juni

Wanaotaka kujaribu kazi hii: msianze na wasifu wa wachoraji, anzieni chini ya ukurasa wa picha kwenye tovuti ya makumbusho. Huko ndiko kuna historia ya umiliki, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi. Kisha nenda Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ukapekue magazeti na katalogi za enzi hizo bure. Tafuta kwa maumbo yote: "B. Weill", "Mlle Weill", hata anwani peke yake. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini katalogi ni majina na namba tu, zinasomeka.

Julai

Modigliani. Tarehe 3 Desemba 1917, kwenye duka jipya la mtaa wa Taitbout, Weill alifungua maonyesho pekee ya kazi zake yeye mwenyewe tu aliyoyapata Modigliani katika uhai wake. Katalogi ilikuwa na shairi la Blaise Cendrars. Picha za wanawake watupu zilionekana kutoka nje, watu wakajazana, na kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Kwa maelezo ya Weill katika kumbukumbu alizochapisha 1933, aliitwa kituoni akaamriwa azishushe. Kilichomkera afisa ni kwamba wanawake wale walichorwa na nywele za mwilini. Vikauzwa vichoro viwili, faranga 30 kila kimoja. Weill akanunua picha tano mwenyewe ili mchoraji na wakala wake wasikate tamaa. Novemba 2015 picha moja ya uchi ya Modigliani ya miaka hiyo hiyo ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 170.

Agosti

Sasa nina jibu langu la kwa nini alisahauliwa, na silo lile la "kwa sababu alikuwa mwanamke" peke yake. Tazama wauzaji wenzake wa picha: Ambroise Vollard alinunua kwa jumla akaficha stoo. Kahnweiler alifunga wachoraji kwa mikataba. Weill hakufanya hivyo: aliuza haraka kwa faida ndogo, na mchoraji akishapanda bei alikwenda kwa wenye fedha, naye akatafuta kijana mwingine. Ukifa bila stoo, hakuna mkusanyo wa kubeba jina lako. Duka lilifungwa wakati Wajerumani wameikalia Paris. Mwaka 1946 wachoraji na wafanyabiashara wenzake walitoa kazi zaidi ya 80 zikapigwa mnada ili apate cha kuishi; 1948 akapewa nishani ya Légion d'honneur; 1951 akafariki. Wale vijana hawakuwa na kumbukumbu fupi, tuwape haki yao.

Kinachobaki ni upande wa wanawake aliowaonyesha. Suzanne Valadon, binti wa dobi aliyewahi kuwa modeli wa Renoir kabla ya kushika brashi mwenyewe, amekwisha kupata watafiti wake. Mimi naanza na Émilie Charmy, aliyezaliwa Saint-Étienne 1878, rafiki wa Weill wa miaka mingi na mchoraji wa sura yake iliyo nzuri kuliko zote nilizoziona: mwanamke amekaa, nguo nyeusi, anakutazama kama unayechelewesha malipo. Safu ya wanunuzi wake karibu yote ni tupu. Nimefungua katalogi za kabla ya 1914, kisha zitafuata za mchoraji mwenzake Jacqueline Marval.