Hapa White City mbwa walikuwa mastaa
Jamani, leo nimefika White City, London. Uwanja wenyewe haupo tena, ulibomolewa 1985. Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908, baadaye ukadorora, hadi mbio za mbwa zilipoufufua mwaka 1927. Hapa ndipo mbwa aitwaye Mick the Miller alitwaa Derby, mbio kuu za mbwa za Uingereza, mara mbili mfululizo, 1929 na 1930, akimkimbiza sungura wa bandia huku maelfu wakishangilia. Na wapenzi wa soka, sikieni hili: Kombe la Dunia 1966, Uruguay iliifunga Ufaransa 2-1 hapa kwa sababu Wembley waligoma kuahirisha mbio zao za mbwa za Ijumaa! Mimi nauona uwanja huu ulistahili kubaki, hata jukwaa moja tu.