Daftari Ninalopanda Nalo Mlimani

Nilianza kazi ya Kilimanjaro nikiwa mpagazi, au mgumu kama tunavyoitana wenyewe, na kwa miaka minne nilibeba mzigo wa kilo 20 kutoka geti la Machame hadi kambi ya Barafu bila kujua namna ya kumsaidia mgonjwa zaidi ya kufunga kidonda kwa kitambaa. Niliona huduma ya kwanza kuwa kazi ya waongozaji. Kazi yetu sisi ilikuwa kuwahi kambini na kusimamisha mahema kabla wageni hawajafika.

Fikra hiyo ilinitoka jioni moja ya mvua katika kambi ya Shira, takriban mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Mwenzetu mmoja alifika akiwa ameloa chapachapa, koti lake la kuazima halizuii maji, naye akitetemeka kiasi cha kushindwa kufungua kamba ya mzigo wake. Tulimkalisha chini ndani ya hema, mmoja wetu akamsugua miguu kwa nguvu, na mimi nikamnywesha pombe kali iliyokuwa imefichwa kwenye mfuko wa unga. Baada ya muda akaacha kutetemeka, tukapongezana kwamba sasa amepata joto. Kumbe mwili ulikuwa umeishiwa nguvu za kutetemeka. Alianza kuongea kama mlevi na kuuliza swali lile lile mara tatu, mpaka mwongozaji msaidizi alipopita, akatufokea, akamvua nguo zote zenye maji, akamtandikia magodoro mawili na kumwingiza kwenye mifuko miwili ya kulalia pamoja na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye soksi. Alipona, na katika kupona kwake mimi sikuwa na mchango wowote.

Masika iliyofuata, wageni walipopungua, nilijiandikisha mjini Moshi katika mafunzo ya siku nane ya huduma ya kwanza kwa maeneo yaliyo mbali na hospitali. Ada niliilipa kwa awamu tatu. Makabrasha yote yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kila usiku niliyahamishia kwenye daftari langu kwa Kiswahili, na kazi hiyo ya kutafuta maneno ndiyo iliyonifundisha kuliko hata darasa lenyewe. Chukua neno mshtuko. Mkufunzi alipolitamka, nusu yetu tulidhani anazungumzia mtu aliyepata habari mbaya, ilhali yeye alikusudia mwili ambao damu haizunguki kwa kiasi cha kutosha, pengine kwa sababu imevuja, pengine kwa sababu mgonjwa ameharisha hadi maji yakamwishia. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, ngozi inakuwa baridi na yenye unyevunyevu, na mgonjwa hatulii. Katika daftari niliandika "mshtuko wa damu", hata kama wataalamu hawaandiki hivyo, kwa sababu nilitaka mgumu yeyote atakayelisoma asije akampa maji ya sukari mtu anayevuja damu ndani kwa ndani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni nafasi ya muda. Mjini unazuia damu, unaita bajaji, na baada ya robo saa mgonjwa yuko mikononi mwa daktari. Mlimani unaweza kukaa naye usiku kucha, na kwa hiyo huduma haiishii kwenye kufunga bandeji. Unatakiwa kumpima kila baada ya dakika 15, na kila dakika tano kama hali ni mbaya: mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, rangi na joto la ngozi, na kama anajua alipo na leo ni siku gani. Unaandika namba hizo pamoja na saa. Namba moja haisemi mengi, lakini namba sita zilizopangwa chini kwa chini zinakuonyesha mtu anakoelekea.

Mazoezi niliyafanyia nyumbani. Mpwa wangu alilala sakafuni akijifanya amevunjika mguu, nikamfunga gango kwa fimbo mbili za kutembelea na vipande vya khanga kuukuu, kisha nikambonyeza kucha ya dole gumba la mguu huo kuona kama rangi inarudi ndani ya sekunde mbili, kwa maana gango lililokazwa kupita kiasi linaweza kuua mguu ambao ungepona. Ugali ulipoa. Bibi yangu naye nilimshika mkono kumhesabia mapigo, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ndiyo unanihesabia siku zilizobaki?"

Yalikuwapo pia mambo ya kusahau, na haya yalikuwa magumu kuliko ya kujifunza. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, kwa hiyo mtu aliyepigwa na baridi huhisi joto huku akizidi kulipoteza. Kumsugua ni hatari, na akiwa amezidiwa sana hata kumtikisatikisa kunaweza kuvuruga moyo. Aliyeumwa na kifutu hafungwi kamba, hachanjwi wala hawekewi jiwe la nyoka, lile linaloaminika kunyonya sumu. Anatulizwa, kiungo kilichoumwa kinazuiwa kisitembee, pete na bangili zinavuliwa kabla hakijavimba, na safari ya kuelekea kwenye dawa inaanza mara moja. Nilikulia kijiji ambacho kila mzee alikuwa na jiwe lake, na darasani nilibisha kwa muda mrefu.

Miezi kumi baadaye nilikuwa mwongozaji msaidizi, tukiwa Barafu, zaidi ya mita 4,600. Kijana mmoja mgumu hakuja kuchukua chakula. Nilimkuta amejikunyata ndani ya hema la wenzake.

"Kaka, ni kichwa tu. Nikilala kitaisha."

Nilijua kwa nini anasema hivyo, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo: anayeshushwa hana hakika ya posho wala ya bahashishi, na tena anaogopa kutoitwa safari ijayo. Nilimtoa nje, nikachora mstari kwa buti kwenye vumbi, nikamwambia autembee kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu akapepesuka, ya nne akanishikilia. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilionyesha asilimia 71, ilhali wenzake walikuwa kati ya 80 na 86. Kipimo hicho peke yake nisingekiamini, maana vidole vya baridi hukidanganya. Ila mtu mwenye maumivu ya kichwa anayeshindwa kutembea kwenye mstari huku mwinukoni lazima uchukulie kwamba ubongo wake unavimba.

"Mkuu, huyu anashuka sasa hivi," nilimwambia kiongozi wetu.

"Tusubiri kupambazuke. Giza hili na mawe haya."

Nilimfungulia daftari. Saa kumi na mbili na nusu jioni kijana alikuwa anajua ni siku gani. Saa moja na nusu hakuwa anaijua. Alisoma mistari ile miwili kwa taa ya kichwani, akafunga daftari na kwenda kuchukua mtungi wa oksijeni. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, alimpa kiongozi mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye idhini ya kutoa dawa. Askari wa hifadhi walitupatia machela ya tairi moja, na tukawa watu sita tukipokezana, kwa sababu chombo kile kwenye ngazi za mawe hakisukumwi bali hubebwa. Niliendelea kumpima njiani kuelekea kambi ya Milenia iliyo chini zaidi, kila tuliposimama kubadilishana.

Ukurasa huo bado ninao, una alama ya matope pembeni, na mwandiko wake ni mbaya kwa sababu niliandika nikiwa na glavu. "Saa tatu na dakika kumi usiku, tumeondoka. Saa nne na nusu, ametapika, jina lake analijua. Saa tano na robo, anajua ni Jumanne. Saa sita na nusu, kambi ya Milenia, amesimama mwenyewe, anauliza kama kuna uji."